Tulipokwenda Kutafuta Mchi

Kinu tulipewa bure, lakini hakikuwa na mchi.

Mama mmoja wa kanisani, Mkongomani mwenzetu, alikuwa anahamia jimbo jingine kumfuata binti yake, na kinu cha mti mzito hakiingii kwenye sanduku la ndege. Mchi wake ulikuwa umepasuka siku nyingi. Baada ya ibada alimshika mama mkono akamwambia, "Dada, kichukue wewe, mimi huko nitasaga kwa mashine tu." Mama alikipokea kwa mikono miwili. Tangu aje Saint Paul, huku Marekani, kutufuata, theluji ya mwaka ule ikiyeyuka, alikuwa hajaonja sombe ya kutwanga. Sombe ni majani ya muhogo. Wenzetu wa Tanzania wanaita kisamvu. Ile ya dukani huja imegandishwa kwenye mfuko, imesagwa hadi imekuwa uji, na mama kila akiitazama kwenye sufuria husema hayo ni majani yaliyotafunwa na mtu mwingine. Anakula, lakini anakula amenuna.

Kaka yangu mkubwa alikitia kinu kwenye buti ya gari lake. Sisi watu wa Kivu kaka mkubwa tunamwita yaya, na Wakenya ninaofanya nao kazi ya kuhudumia wazee hunicheka mpaka leo, maana kwao yaya ni mlezi wa watoto. Wacheke tu. Yaya wangu alinilea kweli, nitafika huko.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa kumi na moja, sote watatu bado tuko na nguo za ibada. Mama alifunga mkanda wa gari, jambo ambalo humchukua muda, kisha akasema, "Bon. Sasa twende porini tuchague mchi."

"Mama, huku hakuna pori," yaya akasema. "Huku kila mti una mwenyewe."

"Miti imejaa kila mahali. Naiona kwenye dirisha la basi."

"Nitaagiza mchi kwenye mtandao. Unafika mlangoni."

"Mchi hauagizwi, papa. Mchi unachaguliwa. Na panga mnalo?"

Yaya alimgeukia. "Mama, mwanaume mweusi na panga, msituni, Jumapili, hapa Minnesota. Unataka jioni unione kwenye habari?"

Mimi kiti cha nyuma nilicheka hadi nikajishika mbavu. Yaya ni mtu wa kuogopa sheria. Huendesha gari polepole hadi bibi vizee wanampigia honi. Lakini mama akikunja mikono kifuani vile, hakuna wa kumshinda, kwa hiyo walikubaliana nusu kwa nusu: tutaokota tawi lililoanguka lenyewe, kavu, nyoofu, na hakuna kukata kitu. Na yaya alijua mahali.

Nyuma ya mji wa Shakopee, ukishapita maghala makubwa ambako yaya hupakia mizigo, kuna mashamba ya mahindi, na katikati ya mashamba yale kumebaki kamsitu. Yaya akitoka zamu huegesha pale, anakunywa chai yake kwenye gari, anatazama miti kidogo, ndipo anarudi nyumbani akiwa binadamu. Kuna paking ya changarawe na kibao kinachosema ni mahali pa umma. Yaya alikisoma kile kibao mara mbili kabla hajazima gari.

Ni msitu mdogo, tena mdogo mno. Mialoni, na ile miti ambayo Wamarekani huchemsha maji yake wakapata sharubati ya kumwagia chapati zao za maji, na miti mingine ambayo sijui jina. Mwezi ule ilikuwa imeshapukutisha karibu majani yote. Ukisimama upande mmoja unaona shina, shina, shina, halafu unaona shamba la upande wa pili na barabara na magari yanayopita. Majani yote yalikuwa chini, yamelala kwa unene wa godoro.

"Hii miti imekufa?" mama akauliza.

"Imelala," nikamwambia. "Itaamka mwezi wa nne."

"Yote kwa pamoja?"

"Yote."

Mama aliitazama juu hadi chini. "Huku hata miti inachukua likizo," akasema, na akaingia.

Aliingia bila koti. Koti lake yaya alimnunulia la maana, la manyoya ndani, lakini mama analalamika kwamba akilivaa anatembea kama kuku aliyetiwa kwenye gunia. Jua lilikuwa linawaka, na alisema anaingia na kutoka. Alikuwa na kitenge chake cha kanisani, sweta jembamba, na viatu vya ngozi vya wazi kisiginoni. Koti likabaki kwenye kiti.

Nilifurahi kumwona mle ndani, siwezi kusema uongo. Nyumbani, mama hukaa dirishani akitazama treni ikipita chini, na saa nyingine namuuliza kitu anachelewa kujibu. Mle msituni alikuwa mtu mwingine. Anaokota tawi, analipima mkononi, analigonga kwa kifundo cha kidole, analinusa, analitupa. Hili limeoza moyo. Hili lina kombo. Hili jepesi, litaruka mkononi. Yaya anamletea, anakataa, analeta jingine, anakataa tena. Mwishowe alipata moja la mwaloni, nyoofu, nene kiasi cha kifundo cha mkono, zito. Akanipa mimi.

"Shika. Huo ndio wenyewe. Ngoja nitafute wa pili."

"Wa pili wa nini, mama?"

"Sombe ya watu hutwangwa na wawili," akasema, na akasogea mbele kuelekea kwenye gogo kubwa lililoanguka.

Ndipo bunduki ikalia. Mara moja, halafu mara ya pili, karibu.

Sitawadanganya. Nilijikuta nimechuchumaa nimekumbatia ule mchi, na mimi nina miaka na miaka katika nchi hii, nimezoea fataki zao na kila kelele. Yaya alibaki amesimama, lakini mkono wake ulikuwa umeshika mti. Tukaona wanaume wawili wakivuka shamba la upande wa pili, wamevaa fulana za rangi ya chungwa juu ya magwanda ya madoadoa, bunduki begani. Mmoja wao alitupungia mkono.

"Wawindaji," yaya akasema. "Msimu wa kulungu. Hata kazini wanaomba ruhusa."

"Nakufa mimi," nikasema, nikaanza kucheka kwa hofu, nikageuka nimwambie mama.

Mama hakuwepo.

Tulisimama tukitazama. Pale pale alipokuwa, hapakuwa na mtu. Msitu ambao unaona barabara kupitia ndani yake, na mama yetu mwenye kitenge cha njano, hayumo. Yaya akaita, "Mama!" Hakuna kitu. Nikaita na mimi. Upepo tu, na majani machache yaliyokuwa yamegoma kuanguka kwenye mialoni yakichakarika. Wale wawindaji walishapotea nyuma ya kilima kidogo.

Tulikwenda upande huu, tukarudi upande ule. Tulipita kandokando ya gogo, tukachungulia nyuma yake, tukaona majani. Yaya alikimbia hadi barabarani akarudi anahema. "Mama! Mama we!" Koo zetu zilianza kukwaruza. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mashamba bila sisi kuona, na ule ubaridi wa Minnesota, ambao hausubiri mtu, ukaingia. Nikaona pumzi yangu. Redio ya gari ilikuwa imesema tukienda kwamba jioni ile kutaganda, tena kuganda kwa kweli.

Kazi yangu ni wazee. Nimewahi kumfungulia mlango mzee aliyetoka nje na nguo za kulalia, alikuwa ametoka kitambo kidogo tu, na nilivyomshika mikono ilikuwa kama nimeshika samaki wa kwenye friji. Yule alipona. Lakini najua mwili wa mtu mzima unavyozimika kwa baridi: kwanza unatetemeka, halafu unaacha kutetemeka, na ukiacha ndiyo hatari. Mama yangu alikuwa na sweta la kwendea kanisani.

Nikatoa simu. Yaya akanishika mkono.

"Usiite polisi."

"Niite nani? Mchungaji?"

"Watakuja na bunduki."

"Bunduki zimeshakuja, yaya. Niachie."

"Tumtafute tena kidogo. Hawezi kuwa mbali, wewe mwenyewe unaona."

"Atakufa na baridi humu ndani ukiwa unaogopa polisi," nikamwambia, na nilimwambia kwa ukali ambao dada mdogo hamwambii kaka yake. Akaniachia mkono. Nikapiga.

Alikuja askari mmoja, mwanamke wa makamo, na gari lake lenye taa za kuzunguka. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia lakini alikuwa mtulivu, anauliza taratibu. Amevaa nini, ana ugonjwa gani, anajua Kiingereza. Yaya, ambaye muda mfupi uliopita hakutaka hata kumsikia, sasa akawa anajibu kabla swali halijaisha, mikono wazi mbele yake ionekane. Akamtajia jina la mama, herufi moja moja.

Askari akachukua kile kipaza sauti cha kwenye gari. Jina la mama yangu likatoka kwenye spika na kupita kwenye ile miti mikavu hadi ng'ambo. Mimi jina lile sijawahi kulitamka kwa mdomo wangu. Kwetu mama ni mama. Sasa lilikuwa linapigwa porini na mashine, limepindwapindwa. Akaita tena, akaita tena. Halafu akampa yaya kipaza sauti, akamwambia labda anaogopa sauti ya mgeni, sema naye wewe kwa lugha yenu.

Yaya akasogeza mdomo. "Mama, ni mimi. Toka. Usiogope, wameondoka. Toka, mama."

Nilikuwa nimeyasikia maneno yale yale, hivyo hivyo yalivyopangwa, katika msitu mwingine.

Nilikuwa mtoto mdogo, lakini hilo nalikumbuka. Kijiji chetu kilikuwa kimeingiliwa na watu wenye bunduki, nasi tulikuwa tumelala msituni chini ya majani, mama, yaya na mimi, na watu wa jirani huku na huku. Mama mdogo, yule aliyemfuata mama kuzaliwa, alikuwa ng'ambo ya gogo. Binti yake walikuwa wamemshika njiani asubuhi ile. Basi tukamsikia yule binti anaita. Alikuwa ni yeye kabisa, sauti yake, na alikuwa anasema, "Mama, ni mimi. Toka. Usiogope, wameondoka." Alikuwa anaambiwa la kusema na watu waliosimama nyuma yake. Mama mdogo akasimama, akaenda. Mimi nilifungua mdomo nimwite binamu yangu, na yaya akaniziba kwa kiganja, akanibana usoni hadi nikaonja damu ya fizi zangu. Ndiyo maana nasema alinilea. Mama mdogo hatukumwona tena, wala binti.

Tangu siku hiyo mama alikuwa na sheria moja. Msituni hatuitani. Ukiitwa huitiki, ajue jina lako asijue, awe mgeni au awe mtoto wako. "Hata nikikuita mimi," alituambia. Na kadiri unavyoitwa na sauti unayoipenda, ndivyo unavyozidi kulala chini.

Nilimpokonya yaya kile kipaza sauti. Nilitaka kumpigia kelele, lakini nilipomtazama usoni niliona hapana haja. Yeye alikuwa mkubwa siku ile, anakumbuka kuliko mimi.

"Nimesema nini," akasema. "Mungu wangu, nimemwambia nini."

"Umemwambia tumeshikwa," nikasema. "Tangu tuanze kuita ndicho tunachomwambia."

Askari alitaka kujua tunasema nini. Nilimweleza kwa Kiingereza changu, kwa kifupi, hapakuwa na muda wa historia: mama yumo humu ndani, amejificha, anasikia, na kila tukimwita anajificha zaidi. Alinisikiliza. Kisha akaniambia kwa upole kwamba msitu wenyewe huu, dada, unauona wote. Mtu aliyeshtuka hukimbia. Yeye anafikiri mama amefika barabara kuu, na anataka kuhamishia watu huko kabla giza halijaingia. Mbwa wa kunusa yuko njiani, atasaidia.

Ile habari ya mbwa ndiyo iliyonitia woga hasa. Nilimwona mama amelala kimya, anasikia mbwa na buti na lugha asiyoielewa, anaamka anakimbia kwenye baridi ile na moyo wake ule wa presha. Nikamshika askari mkono wa koti, kitu ambacho yaya alikaribia kuzimia kukiona, nikamvuta hadi kwenye gogo. Pembeni yake palikuwa na tawi. Nyoofu, zito, limevunjwa vijitawi vyake vyote na mtu mwenye haraka.

"Huu ni mchi wa pili," nikamwambia. "Aliuchagua yeye. Aliuangusha hapa. Hajatoka."

Alitazama tawi, akanitazama mimi. Sijui aliona nini. Akasema kabla mbwa hajafika nifanye ninalotaka, na akiona giza linatangulia, yeye anakwenda barabarani. Nikamwomba azime zile taa na akae ndani ya gari. Akaenda akazizima.

"Yaya," nikasema, "lete kinu."

Hakuniuliza. Alijua. Siku zile, wanawake walipotangulia kurudi kijijini wakakuta pametulia, hawakuita mtu. Walitafuta kinu. Watu wenye bunduki hula vya kuchukua, huondoka na sufuria, lakini hakuna anayeketi kutwanga. Wanawake walitia kinuni chochote kilichobaki wakaanza, na sisi tuliolala majanini tukisikia kinu ndipo tulijua tunaweza kutoka. Mama alituambia hivyo hivyo, pamoja na ile sheria nyingine. Msiitike. Mkisikia kinu, tokeni.

Yaya alikileta amekibeba kifuani, suti yake ya kanisani imejaa vumbi, akakisimamisha chini ya mwaloni. Nikashika mchi wangu nikatwanga. Kinu kitupu. Kililia ko, ko, ko, mlio mkavu, na mimi mwenyewe nilisikia ni uongo. Niliendelea hata hivyo, nikisikiliza. Hakuna kitu kilichojongea. Vidole vilikuwa vimeanza kufa ganzi, na nikawaza vya mama vikoje.

"Hicho ni kinu cha watoto wanaocheza," yaya akasema. "Anajua. Tia majani."

Tukachota majani ya chini kwa mikono, ya mwaloni, tukayajaza. Yalikuwa makavu yanaruka. Yaya akakimbilia thermosi yake, akamwaga chai ya tangawizi juu yake, nikatwanga, yakaanza kulala. Mlio ukabadilika, ukawa mzito, wenye tumbo. Lakini nilikuwa peke yangu, na sombe ya watu hutwangwa na wawili. Nikamtazama yaya.

"Mimi sijawahi kushika mchi," akasema.

"Leo utashika."

Akaokota mchi wa pili, ule mama aliouangusha. Mara ya kwanza tuligongana vichwa vya michi, mara ya pili akanikosa mkono kidogo tu. "Subiri wangu ushuke," nikamwambia. "Wangu ukipanda wako unashuka. Usifikiri, sikiliza." Mwanaume mzima, anapanga mizigo inayofika hadi dari, anatwanga kama anaua nyoka. Nilimtukana. Akanijibu. Halafu pole pole tukapatana, wangu, wake, wangu, wake, na mimi nikakumbuka kile kitu anachofanya mama, kila baada ya mapigo kadhaa anagonga ukingo wa kinu kidogo kukung'uta mchi, na nikakigonga. Chai ya tangawizi na majani yaliyooza vilinuka vibaya. Mikono iliuma. Nilikuwa nalia na sikutaka kuacha ili nijifute, kwa sababu nilijua nikiacha nitalazimika kusikia ule ukimya.

Tulitwanga hadi taa za gari jingine zikatokea mbali barabarani, na nikajua huyo ni mbwa anakuja.

Yaya ndiye aliyeona. Mchi wake ulichelewa. Nikainua macho. Pembeni ya gogo, upande ule ule tuliopita tukichungulia, karibu kiasi cha kuweza kumrushia kiatu, majani yalikuwa yanapanda. Kwanza mkono. Halafu kilemba, kimejaa majani. Mama alipiga magoti, akasubiri, akasikiliza.

"Usiache kutwanga," yaya akaninong'oneza. "Usiache."

Tukaendelea. Mama akasimama kwa kushika gogo. Kiatu kimoja hakikuwepo. Alikuja taratibu, anatetemeka mwili mzima, na nilimshukuru Mungu kwa kule kutetemeka, kulikuwa ndiyo dawa niliyokuwa naiomba. Alifika hadi kwenye kinu. Akatutazama mikono yetu, mmoja mmoja, kama imefungwa au haikufungwa. Kisha akatazama nyuma yetu, kushoto na kulia, katikati ya miti.

"Wengine wako wapi?" akauliza.

Mchi wa yaya ulibaki juu.

"Ni sisi tu, mama," nikasema. "Ni sisi tu tuliotoka."

Akaitikia kwa kichwa. Yaya akavua koti lake akamfunika, akambeba, ndiyo, alimbeba mama yake mzima hadi kwenye gari, na mama hakubisha. Askari alikuwa amefungua mlango wake lakini akabaki pale pale, na lile gari jingine alilisimamisha mbali kwa redio. Alituletea blanketi akalikabidhi kwangu bila kusogea karibu. Baadaye aliniuliza polepole kwa nini hakuitika muda wote ule. Nikamwambia ni habari ndefu. Akasema sawa, hakusisitiza.

Ndani ya gari hita ilivuma kwa nguvu zote. Nilimsugua mama miguu mapajani mwangu, nikamnywesha chai iliyobaki kidogo kidogo. Rangi ilimrudia midomoni. Kinu kilikuwa kwenye buti pamoja na yale majani yake, na michi miwili. Yaya alikuwa ameketi mbele, mikono yote miwili kwenye usukani, hajawasha taa.

"Niliwasikia," mama akasema. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. "Niliwasikia wote wawili tangu mwanzo. Nikasema, basi. Wanangu wameshikwa. Nikalala nasikia mnavyoniita na sikuweza kuja."

Alisema bila kulia. Mimi ndiye niliyelia. Yaya aligeuka akamshika goti.

"Mama, na tusingekumbuka kinu? Si ungeganda pale? Ungelala hadi lini?"

Mama alimtazama akishangaa kwamba mwanawe mkubwa, aliyekuwepo, anamuuliza jambo kama hilo.

"Mpaka mtwange," akasema.